Hesabu ya Mabehewa

Mabehewa mia mbili na kumi na mawili.
Vichwa vya treni arobaini na kimoja; kumi na tisa vinatembea,
vilivyobaki vimelala kama mimi Jumapili.
Reli zote, nikizinyoosha, zitatoka mlangoni pangu hapa Igogo,
zivuke barabara, zifike kwa muuza mkaa.
Nimeyaandika yote kwenye kaunta buku,
maana daktari wa Bugando aliitazama picha ya moyo wangu
kisha akaniuliza umri mara mbili.

Miaka thelathini na mmoja nilipanga mabehewa ya kweli
pale Mwanza Kusini: la pamba, la saruji,
nikiyaingiza kwenye tumbo la meli
yaende Uganda yamesimama juu ya reli zao,
kama bibi anayesafiri na kigoda chake.
Jioni nikirudi na grisi mikononi
napanga haya madogo.

Haya ya makopo ya maziwa niliyakata mwenyewe.
Hiki cha Kijerumani, chenye magurudumu mekundu,
nilikilipia kwa padri mmoja sato kumi,
sato mmoja kila Ijumaa.
Milima ni mawe ya kweli, niliyaokota Mabatini.
Na ziwa,
ziwa ni kioo cha kabati letu la ndoa.
Minza alirudi kutoka msibani Magu
akakuta mlango wa kabati ni ubao mtupu.
Hakusema kitu.
Tangu mwaka ule anafunga kilemba kwa kupapasa.

Sasa nani atachukua?
Masalu anapiga simu toka Dodoma: Baba, tutatafuta mnunuzi.
Analitamka "mnunuzi"
kama mkulima wa Kwimba anavyotamka "mvua".
Lushinge alikuja na futi kamba, akapima chumba,
treni hakuzipima. Mpangaji hapa, anasema, elfu sabini kwa mwezi.
Mwalimu wa Mkuyuni anazitaka zote,
ila darasa lake lina watoto mia na kumi,
na kila mtoto ana mikono miwili.
Yule wa chuma chakavu alikiinua cha Kijerumani,
akakipima kwa kiganja, akataja bei ya kilo.
Sikumfukuza. Nilimpa chai.
Ni yeye peke yake aliyetaja bei.

Nikamwita Kabula, binti wa fundi redio.
Chagua chochote, nikamwambia.
Akaizunguka meza mara tatu,
akakipita cha Kijerumani bila kukitazama,
akachukua daftari la hitilafu.
"Tarehe nne Machi, ya mizigo ilianguka Malampaka.
Ulirekebisha?"
Sikurekebisha. Pale Malampaka
kila treni yenye haraka huanguka hadi leo.
Akavua viatu, akaingia uvunguni mwa meza.

Basi nimeandika.
Kabula: reli, transfoma, hitilafu zote.
Mabehewa yagawiwe matangani;
atakayekuja kunizika aondoke na moja,
awe ndugu, awe ananidai,
asiulize kama linatembea.
Yatakayobaki yapimwe kwa kilo,
maana sijui kama nina watu mia mbili na kumi na wawili.
Cha Kijerumani niliandika kizikwe nami,
halafu nikafuta. Huko chini
umeme ni shida kuliko Igogo.

Ziwa: ni la Minza.
Hilo sikungoja nife. Jana tulilibandua wawili,
mimi na bisibisi, yeye na kisu cha vitunguu.
Ukingoni umebaki ufukwe wa gundi
na mwani wa rangi ya kijani usiotoka.
Tukakirudisha mlangoni pa kabati, skrubu nne.
Akasimama mbele yake
muda ambao ya mizigo hutumia kupita.
"Kumbe nimezeekea humo," akasema,
"chini ya meli zako."
Nikatafuta la kujibu, nikapata bisibisi.

Akaufungua mlango wa kabati hadi mwisho,
kioo kikatazama chumba cha pili,
kikaiona meza, na shimo pale palipokuwa na maji.
Akavuta kigoda.
"Haya," akasema. "Ya kutoka Shinyanga imechelewa."